Je, Wimbo wa 1972 Ndio Uliompa Gough Whitlam Ushindi?

"Tulifika Melbourne tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na mwaka 2022 nilipiga kura hapa kwa mara ya kwanza. Sasa nasomea utayarishaji wa video. Mwalimu alituonyesha tangazo la chama cha Labor la mwaka 1972, lile la wimbo wa 'It's Time', yaani 'Wakati Umefika', akasema wimbo ule ndio uliobadilisha serikali. Nilipomsimulia baba mkwe, akaniambia matangazo ya namna hiyo ni ulaghai wa kununua akili za watu, tena zamani siasa za huku zilikuwa safi, uchafu umeletwa na intaneti. Nimechanganyikiwa. Tangazo moja linaweza kweli kushinda uchaguzi? Zamani walikuwa wasafi kuliko sasa? Na mimi nataka kutengeneza video fupi kwa Kiswahili kwa ajili ya vijana wa jumuiya yetu, nikitumia vipande vya matangazo hayo ya kale. Naruhusiwa? Naogopa kukosea mbele ya sheria, maana hata uraia wenyewe bado ni mpya."

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu, na nyuma yake kuna hofu. Nianze na hiyo hofu ili usome mengine ukiwa umetulia. Kutazama, kuchambua na kujadili tangazo la kisiasa la zamani hakuhatarishi uraia wa mtu yeyote nchini Australia, awe alizaliwa huko au ameapishwa juzi. Kutengeneza video na kuisambaza kuna masharti yake, nayo nitayaeleza mbele, lakini ni masharti ya hakimiliki na ya kujitambulisha. Hakuna hata moja linalokuzuia kuwa na maoni.

Sasa tuje kwenye wimbo. Mwalimu wako hakukosea kuchagua filamu ile, maana hakuna tangazo la kampeni Australia linalokumbukwa kama hilo. Labor, chama ambacho ushindi wake wa 1972 ulimfanya kiongozi wake Gough Whitlam kuwa waziri mkuu, kilikuwa nje ya serikali tangu Desemba 1949. Kwa miaka 23 kilishindwa uchaguzi baada ya uchaguzi. Mwaka 1972 chama kilijiandaa kwa namna ambayo hakikuwahi kujiandaa kabla: kilitumia watafiti wa soko kuwauliza watu wanaiogopa nini Labor na wanatamani nini, kikaikabidhi kazi ya matangazo kampuni ya Hansen-Rubensohn–McCann-Erickson. Hapo Paul Jones aliandika maneno ya wimbo na Mike Shirley akatunga muziki. Mwimbaji alikuwa Alison MacCallum.

Itazame tena filamu ile ukiwa na kalamu mkononi. Sauti ya MacCallum inatangulia, kisha kundi zima linampokea na kibwagizo kinapanda. Katika kundi hilo wamo Bert Newton, Little Pattie, Col Joye, Barry Crocker, Jack Thompson: watangazaji wa vipindi vya burudani, waimbaji, waigizaji. Humsikii mtu akitaja kodi. Humsikii mtu akitaja Vietnam, wala bima ya afya, wala jina la waziri mkuu aliyekuwa madarakani, William McMahon. Linarudiwa jambo moja tu, kwamba wakati umefika. Wakati wa nini hasa? Kila mtazamaji anajaza mwenyewe. Mama wa vitongojini magharibi mwa Sydney anajaza mfereji wa majitaka ambao mtaa wake haukuwahi kuupata. Kijana aliyeitwa jeshini kwa lazima anajaza kurudi nyumbani. Mwalimu anajaza shule. Hapo ndipo ufundi wa tangazo lile ulipo, na kwa mtu anayesomea video kama wewe, ni somo la kuliangalia mara nyingi.

Lakini kufaulu kwa tangazo ni jambo moja, na kuamua uchaguzi ni jambo jingine. Hapa nakuomba uzipe tarakimu nafasi.

Mwaka 1966 Labor ilipigwa vibaya, ikabaki na viti 41 tu katika bunge la wawakilishi. Mwaka 1969, Whitlam akiwa kiongozi mpya wa chama, kura zilizohamia Labor zilikuwa takriban asilimia 7, na viti vikapanda hadi 59. Ongezeko la viti 18 kwa mkupuo mmoja! Na mwaka huo hakukuwa na wimbo wa "It's Time". Ulipofika uchaguzi wa tarehe 2 Desemba 1972, wimbo ukiwa kila mahali, kauli mbiu ikiwa kwenye fulana na beji, kura zilizohamia Labor zilikuwa takriban asilimia 2.5. Viti viliongezeka 8, vikawa 67 kati ya 125. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya safari ilikwisha kutembewa miaka 3 kabla wimbo haujarekodiwa. Jahazi lilikuwa limekwisha kutweka tanga na kutoka bandarini. Wimbo ulikuwa upepo mzuri wa nyuma, nao ulisaidia kulifikisha, lakini hakuna upepo unaosafirisha jahazi lililokaa mchangani.

Nini basi kilichotangulia? Muungano wa vyama vya Liberal na Country, uliokuwa madarakani, ulikuwa umechoka na kugombana wenyewe kwa wenyewe, hadi John Gorton akaondoka kwenye uwaziri mkuu mwaka 1971 na McMahon akashika. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepoteza mvuto. Na Whitlam alikuwa na kitu cha kusema. Alipozindua kampeni tarehe 13 Novemba 1972 katika ukumbi wa Blacktown, magharibi mwa Sydney, hakwenda pale kwa bahati. Vitongoji kama hivyo vilikuwa vimejaa familia changa zenye nyumba mpya lakini zisizo na mabomba ya majitaka, na yeye aliahidi mabomba, vyuo vikuu bila ada, bima ya afya kwa wote, na kufuta uandikishaji wa lazima jeshini. Ukichukua wimbo ukaacha hotuba ya Blacktown, umechukua kifuniko ukaacha chungu.

Kwa hiyo mwalimu akisema wimbo ulibadilisha serikali, mwelewe kama msimulizi anayetafuta picha moja ya kuwakilisha mambo mengi. Kwenye kazi yako ya darasa usiandike hivyo. Andika kwamba wimbo uliwakusanya watu waliokwisha kuanza kuhama, ukawaondolea aibu ya kuhama. Hilo naliamini kwa dhati, na sababu yake iko katika namna Waaustralia wanavyopiga kura.

Unajua kutoka uzoefu wako wa 2022 kwamba kupiga kura huko ni lazima, na asiyepiga bila sababu hutozwa faini. Sheria hiyo ni ya mwaka 1924, na kwa miongo mingi waliojitokeza wamekuwa zaidi ya asilimia 90. Hili linabadilisha kabisa kazi ya tangazo. Katika nchi ambako mtu anaweza kubaki nyumbani, chama hutumia fedha nyingi kuwaamsha wafuasi wake ili watoke, na mara nyingine kuwakatisha tamaa wafuasi wa mwenzake ili wasitoke. Australia wote watatoka. Anayetafutwa ni yule asiyependa sana siasa, asiyesoma ilani, ambaye Jumamosi ya uchaguzi atajikuta na karatasi mkononi, atake asitake. Mtu huyo humpati kwa hotuba ya saa nzima. Unampata katikati ya kipindi anachokipenda, kwa sekunde chache, kupitia uso anaouamini.

Sasa zitazame zile nyuso za 1972 kwa jicho hilo. Watu wengi hudhani lilikuwa tangazo la vijana kwa sababu lina wimbo. Sivyo. Umri wa kupiga kura mwaka 1972 ulikuwa miaka 21. Ulishushwa hadi 18 mwaka 1973, baada ya uchaguzi. Vijana wa sekondari waliokuwa wakiimba kibwagizo kile njiani hawakuwa na kura. Mtu kama Bert Newton alikuwa mgeni wa kila nyumba ya Melbourne, mtu wa vipindi vya usiku ambavyo familia nzima ilivitazama pamoja sebuleni. Labor ilikuwa imeogopwa kwa miaka mingi kama chama cha mabwana wa vyama vya wafanyakazi na, kwa maneno ya wapinzani wake, chama kilicho karibu mno na ukomunisti. Ukiona mtu anayekuchekesha kila jioni amesimama na chama hicho bila haya, hofu inapungua. Tangazo lile lilikuwa linawaambia watu wazima wenye nyumba na watoto kwamba kuipigia Labor ni jambo la kawaida.

Jambo jingine la kulijua kama mtengeneza video ni kwamba matangazo ya zamani hayakuwa na sura ile kwa sababu ya ladha tu. Sheria na mitambo vilichangia. Televisheni ilianza rasmi Sydney tarehe 16 Septemba 1956, wiki chache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Melbourne, na uchaguzi wa kwanza wa taifa uliofanyika nchi ikiwa na televisheni ni ule wa Novemba 1958, Robert Menzies wa Liberal akipambana na H. V. Evatt wa Labor. Mambo ya kampeni kwenye kioo wakati huo yalikuwa karibu sawa na redio yenye picha: mwanasiasa ameketi, anatazama kamera, anaongea. Kabla ya hapo, mwaka 1948 na 1949, upande wa Liberal ulikuwa umetumia redio kwa ustadi mkubwa kupitia mfululizo wa mhusika wa kubuni aliyeitwa John Henry Austral, aliyezungumza kama mwananchi wa kawaida mwenye hoja. Sheria ya utangazaji nayo ikawa na kifungu kilichokataza kuigiza kwa tamthilia jambo la kisiasa linaloendelea, au lililokuwa likizungumzwa ndani ya miaka 5 iliyopita, na kifungu hicho kilikuwapo bado televisheni ilipoingia. Fikiria unavyobanwa: hakuna kuigiza ugomvi wa mume na mke kuhusu bei ya mkate, hakuna mwigizaji wa kujifanya waziri. Kinachobaki ni mtu kuongea na kamera, takwimu, picha za kweli, au wimbo. Naona "It's Time" ilipata njia nzuri ndani ya uzio huo.

Rangi nayo isikudanganye. Televisheni ya rangi ilianza rasmi Australia tarehe 1 Machi 1975. Zanzibar, nakuambia kwa furaha, ilikuwa imeanza televisheni yake kwa rangi kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Basi hata kama nakala unayoiona leo ina rangi, walioitazama sebuleni mwaka 1972 waliona nyeusi na nyeupe, kwenye kioo kidogo. Ondoa rangi kwenye programu yako ya kuhariri, punguza ukubwa wa picha, halafu itazame upya. Utaelewa kwa nini nyuso zimepigwa kwa karibu namna ile, na kwa nini kazi kubwa imeachiwa sauti.

Nije kwa baba mkwe. Mzee ana haki ya kushuku, na kwa mtu aliyeishi kwetu Maziwa Makuu, ambako redio imewahi kutumika kuangamiza watu, shaka yake ina mizizi. Usimpuuze. Ila kwa hili la zamani kuwa safi, historia haimuungi mkono.

Chukua uchaguzi wa Mei 1974, mwaka mmoja na nusu tu baada ya ule wimbo wa kupendeza. Matangazo ya Liberal yaliyotengenezwa na John Singleton yalikuwa na mama mmoja mhamiaji kutoka Estonia, nchi iliyomezwa na Urusi ya Kisovieti, akiwaonya watazamaji kwamba Labor ni ukomunisti uliojificha. Tafakari hilo tangazo wewe uliyepitia kambini. Maumivu ya mtu aliyeikimbia nchi yake yamechukuliwa, yakaelekezwa kwa chama halali kilichochaguliwa kwa kura na ambacho kingeweza kuondolewa kwa kura. Kwangu mimi ni moja ya matangazo mabaya kabisa ya enzi ile, kwa sababu lilikopa ukweli wa mateso kubeba madai yasiyo ya kweli. Na halikuzaa ushindi: Labor ilirudi madarakani, ingawa iliwazidi wapinzani wake kwa viti vichache tu.

Mwaka uliofuata, Gavana Mkuu John Kerr, mwakilishi wa Malkia, alimwondoa Whitlam madarakani tarehe 11 Novemba, na uchaguzi ukafanyika tarehe 13 Desemba 1975. Liberal chini ya Malcolm Fraser wakatangaza kwamba nchi imepitia miaka 3 ya giza na sasa taa ziwashwe. Labor ikabaki na viti 36 kati ya 127. Msukumo wa wimbo ulikuwa wapi? Mfumuko wa bei, ukosefu wa ajira na kashfa za mikopo vilikuwa vimekwisha kusema kwa sauti kubwa kuliko kwaya yoyote.

Tena mtazame huyo huyo Singleton. Mwaka 1987 alikuwa upande wa pili, akiitengenezea Labor ya Bob Hawke matangazo. Mojawapo lilikuwa na mama wa nyumbani anayemuuliza kiongozi wa Liberal, John Howard, fedha za ahadi zake za kupunguza kodi zitatoka wapi. Lile lilikuwa tangazo la kushambulia, tena kali, lakini swali lake lilikuwa la haki, kwa sababu mahesabu ya sera ile yalikutwa na kosa na Howard mwenyewe akakiri. Linganisha mama wa 1974 na mama wa 1987. Umbo ni lile lile: mwanamke wa kawaida, uso karibu na kamera, lugha ya nyumbani. Mmoja anatia hofu isiyo na msingi, mwingine anauliza hesabu. Ukimwonyesha mzee haya mawili kwa pamoja, nadhani mtapata mazungumzo mazuri kuliko kubishana kama matangazo ni ulaghai au si ulaghai.

Atakuuliza: je, sheria haikuwazuia kusema uongo? Jibu litamshangaza. Sheria ya uchaguzi ya taifa ilikataza kumpotosha mpigakura, lakini mwaka 1981 Mahakama Kuu, ambayo huko ndiyo ya juu kabisa, iliamua kwamba katazo hilo linahusu kitendo chenyewe cha kujaza karatasi ya kura. Kwa mfano, huwezi kumwambia mtu atie alama mahali pasipo, ila kumpotosha kuhusu nani anafaa ni suala jingine. Mwaka 1983 Bunge liliingiza kifungu cha kukataza matangazo ya uongo, na mwaka 1984 likakifuta kabla hakijatumika katika uchaguzi mkuu hata mmoja. Jimbo la South Australia liliweka sheria yake mwaka 1985 na inafanya kazi hadi leo, na eneo la Canberra nalo likafuata karibuni. Kwa uchaguzi wa taifa zima, kazi ya kupima ukweli wa hoja imeachiwa wapinzani, waandishi wa habari na mpigakura mwenyewe. Mimi nadhani South Australia wako sahihi. Wapo wanaohofia kwamba ofisi ya uchaguzi ikianza kuamua kipi ni kweli itaburutwa kwenye ugomvi wa vyama. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo miongo kadhaa ya uzoefu wa jimbo lile inaonyesha kwamba jambo linawezekana.

Liko pia jaribio la kuyafuta matangazo yenyewe. Mwaka 1991 serikali ya Labor ilipitisha sheria ya kukataza matangazo ya kisiasa ya kulipiwa kwenye redio na televisheni wakati wa uchaguzi, kwa hoja karibu sawa na ya baba mkwe wako: fedha zinanunua sauti, na chama kinachohitaji fedha nyingi kitadaiwa fadhila. Mwaka 1992 Mahakama Kuu ikaibatilisha. Katiba ya Australia haina ukurasa wa haki za raia unaotaja uhuru wa kusema, lakini majaji walisema huwezi kuwa na bunge linalochaguliwa na wananchi bila wananchi kuwa huru kuzungumza siasa. Uhuru huo umo ndani ya Katiba hata kama haujaandikwa wazi. Hukumu hiyo imekuwa nguzo ya sheria ya nchi, na ilizaliwa na ugomvi juu ya matangazo ya televisheni!

Kilichobaki ni ukimya wa siku za mwisho. Kuanzia usiku wa manane wa Jumatano hadi vituo vya kura vifungwe Jumamosi, redio na televisheni haziruhusiwi kurusha matangazo ya uchaguzi. Nia ilikuwa kumpa mpigakura nafasi ya kupumua, na kuzuia shutuma za dakika za mwisho zisizoweza kujibiwa. Mtandaoni katazo hilo halifiki, na hapo mzee amegusa jambo la kweli: yale ambayo televisheni hairuhusiwi kuyaonyesha Ijumaa usiku, simu yake inaweza kumwonyesha. Uchafu wenyewe si mgeni. Uzio ndio uliopitwa.

Sasa video yako. Ipo njia ya kuitengeneza kwa amani.

Tangazo la zamani halina mwenyewe mmoja. Picha zinaweza kuwa za chama au za kampuni ya matangazo, muziki una haki zake, na nakala unayoiona mtandaoni huenda imepakiwa na mtu asiye na haki yoyote. Sheria ya Australia haitoi ruhusa ya jumla ya kutumia chochote ilimradi ni kwa nia njema. Inatoa ruhusa kwa makusudi maalumu, kama utafiti na masomo, uchambuzi na uhakiki, habari, na kejeli. Video inayosimamisha kipande kifupi, ikakichambua kwa Kiswahili kwa uzito, ikataja kimetoka wapi, iko katika nafasi nzuri zaidi kuliko video inayopiga wimbo mzima nyuma ya picha za sherehe ya jumuiya. Ushauri wangu ni huu: tumia vipande vifupi sana, sauti yako iwe ndiyo inayobeba video, na pale unapoweza, eleza tangazo kwa maneno au onyesha picha moja iliyosimama. Kwa kazi ya darasani hutahitaji zaidi ya hapo. Ukitaka kuirusha hadharani, zungumza kwanza na mtu wa hakimiliki uso kwa uso, akione hicho kipande chenyewe. Chuo chako kina mtu wa shughuli hiyo, mara nyingi yuko maktaba, na Australian Copyright Council hutoa maelezo yaliyoandikwa kwa lugha nyepesi. Mimi siwezi kukuhukumia kipande nisichokiona.

Nakala safi zitafute kwenye hifadhi ya taifa ya filamu na sauti, NFSA, iliyoko Canberra, ambayo ina makusanyo ya matangazo ya kampeni na baadhi yake yamewekwa mtandaoni. Jua pia kwamba mengi yamepotea. Mikanda ya video ilikuwa ghali na vituo viliifuta na kurekodi juu yake. Yaliyopigwa kwenye filamu yalikuwa na bahati zaidi. Hapo hapo Melbourne, nenda ACMI, jumba la makumbusho ya filamu na televisheni, pale Federation Square, na State Library Victoria ukaulize wakutubi wakusaidie na magazeti ya wakati ule. Trove, hazina ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa, itakuonyesha bure jinsi gazeti kama Canberra Times lilivyoizungumzia kampeni ya 1972 siku ile ile. Soma hayo kabla ya kuandika mstari wowote wa video yako.

Kuhusu sheria ya uchaguzi, tofautisha video ya historia na video ya kumwambia mtu apigie nani. Ile sauti ya haraka haraka mwishoni mwa kila tangazo la siasa, inayotaja jina la mtu na mji wake, ni takwa la sheria ili mtazamaji ajue nani anamsemesha. Ukieleza historia ya 1972 na 1974 kwa vijana, uko nje ya hayo. Ukianza kulipia video isambazwe wakati wa kampeni ikimtetea mgombea au kumpinga, au ukiitengeneza kwa niaba ya chama au kikundi, masharti ya kujitambulisha yanakuhusu. Hapo usitegemee ushauri wa rafiki wala wangu. Piga simu Tume ya Uchaguzi ya Australia, uwaeleze video inasema nini, nani ameilipia na itatoka lini. Kiingereza kikikuchosha, omba mkalimani kupitia huduma ya taifa ya ukalimani, Kiswahili kimo. Na kama jumuiya yenu ni chama kilichosajiliwa kupokea misaada, mwenyekiti aulize pia mwanasheria kabla ya kuweka jina la jumuiya kwenye video, kwa maana vyama vya hisani havitakiwi kufanya kazi ya kumnadi mgombea.

Ukiniuliza ningeanza na kipande gani, ningeweka wale akina mama wawili kando kwa kando, 1974 na 1987, sekunde chache kwa kila mmoja, kisha ningewaachia vijana swali: huyu anakupa jambo unaloweza kwenda kulihakiki, au anakupa hofu tu? Wimbo wa 1972 ningeuweka baadaye, pamoja na zile tarakimu za 1969, na baba mkwe ningemwomba aketi mbele ya kamera aseme kwa sauti yake kwa nini hayaamini matangazo.